Barabara ya kuingia Ngozi na ile ya Mlima Rungwe: mnazitambuaje pasipo vibao?

Mtembezi wa Iyumbu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa watu wanaoifahamu vizuri barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, kwa sababu mwaka jana nilishindwa na jambo ambalo nililidhani kuwa dogo kuliko yote katika safari ya mlimani, yaani kuipata barabara ya kuingilia.

Tulikuwa wanne katika gari dogo aina ya IST. Tulilala Mbeya mjini, tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa nia ya kupanda hadi ukingo wa kasoko ya Ngozi, yaani shimo la volkano, kulitazama ziwa lililomo, kisha kurudi mjini kabla ya giza. Nilikuwa nimesoma kwamba ukitokea Uyole unakata kulia katika kijiji cha Mchangani, baada ya kuvuka mgongo wa milima ya Poroto, na kwamba pana kibao. Kibao sikukiona. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami, malori ya kwenda mpakani Kasumulu yalikuwa yanatufuata kwa karibu mno, na kila baada ya hatua chache palikuwa na njia ya udongo inayoingia kulia kati ya mashamba ya viazi mviringo, zote zikiwa na upana ule ule na tope lile lile. Tulipoona migomba inazidi kuwa mingi na baridi inapungua, nilielewa kwamba tumepitiliza. Kumbe tulikuwa tumeshafika Kiwira.

Tukageuza, na safari hii nikaiamini simu. Nilikuwa nimeandika jina la ziwa, nayo ikatuingiza katika njia iliyoanza vizuri kwa changarawe, ikaendelea hivyo kwa kilomita mbili hivi, ikabaki mifereji miwili ya magurudumu ya malori, halafu ikaishia shambani kwa mtu. Simu ikatangaza kwamba tumefika na kwamba sehemu iliyobaki tuimalize kwa miguu, ilhali mbele yetu msitu ulikuwa umefunga pasipo hata upenyo wa mbuzi. Njiani tulikuwa tumewauliza watu watatu, kila mmoja kwa maneno yale yale: "Samahani, hii ndiyo njia ya Ngozi?" Wote watatu walijibu ndiyo. Wa mwisho alikuwa mzee aliyekuwa akipalilia, na nilipomweleza kwamba tumekwama alishangaa kwa dhati, akanyoosha jembe juu kuelekea mlimani na kusema, "Lakini Ngozi si ile pale?" Hakuwa amenidanganya hata kidogo.

Wakati wa kurudi gurudumu la nyuma lilitumbukia pembeni mwa kalavati, tukawalipa vijana wakalitoa, na ilipotimu saa saba mchana tuliahirisha kila kitu.

Tunakusudia kwenda tena katikati ya mwezi Agosti, na tukipata nguvu tungependa kuongeza Mlima Rungwe siku inayofuata. Naomba mnieleze ni alama zipi mnazozitumia kuutambua mchepuko, kama gari dogo linaweza kufika mahali pa kuanzia kupanda, na kama kwa upande wa Rungwe hali ni hiyo hiyo. Natanguliza shukrani.

Kosta Mstaafu

Pole sana, ndugu yangu, na usijione mzembe, kwani nimewashusha watalii wengi barabarani humo ambao walikuwa wamekwisha kupita Mchangani mara mbili wakiwa na madereva wa kukodi. Niliendesha kosta kati ya Mbeya na Kyela kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza ninavyoiona barabara ile kutoka kwenye usukani.

Kosa la kwanza ni muda. Watu wa milimani hupenda kuanza mapema, na ni jambo jema kwa kupanda, lakini kwa kutafuta njia kwenye mgongo wa Poroto ni jambo baya, kwa sababu asubuhi ukungu hulala juu ya lami hata mwezi wa saba. Nenda ukaitafute barabara siku moja kabla, saa tisa au saa kumi alasiri, bila mzigo na bila haraka. Ukishaipata, simama, uitazame vizuri kwa pande zote mbili, yaani kama anayetoka Uyole na kama anayetoka Tukuyu, kisha urudi zako ukalale. Mafuta utakayoyatumia kwa safari hiyo ni machache kuliko uliyoyachoma kwa kutangatanga.

La pili ni kipima umbali cha gari lako. Kirudishe kwenye sifuri pale Uyole, mahali ambapo barabara ya Tukuyu inaiacha barabara kuu ya Zambia. Ukiipata njia siku ya upelelezi, andika tarakimu uliyoisoma, na kesho yake utaifikia hata kama ukungu umefunika pua ya gari. Usitumie tarakimu ya gari la mwenzako, kwani matairi yakitofautiana ukubwa vipimo navyo hutofautiana, na kwa mwendo wa kilomita ishirini au thelathini tofauti hiyo inatosha kukupitisha michepuko mitatu. Hata ile alama ya migomba uliyoiona wewe ni ya kweli na uishike: ukitoka juu kwenye viazi na baridi, ukaanza kuzungukwa na migomba, umepitiliza.

La tatu ni makonda. Gari likiwa na konda wa njia ile, huhitaji kibao, maana vituo vyao ndivyo ramani yao. Iwapo unaona shida, liache gari lako mjini, panda kosta au Noah ya Tukuyu pale stendi ya Nanenane, mwambie konda mapema kwamba unashukia njia ya kwenda Ngozi, na ukae karibu na mlango ili asikusahau.

Sasa nije kwenye kuuliza, kwa sababu naona hapo ndipo ulipokwama zaidi. Ukimwuliza mtu "hii ndiyo njia ya Ngozi?" umekwisha kumpa jibu mkononi, naye atakubali, ama kwa adabu, ama kwa sababu kwake njia zote zinazopanda upande ule ni za Ngozi. Muulize hivi: "Barabara hii inaishia wapi?" Hapo atalazimika kutaja kitu. Akisema inaishia kwenye mashamba ya fulani, shukuru ugeuze. Akisema inaishia pale wageni wanapoacha magari, endelea. Na ukitajiwa alama, uliza kama alama hiyo bado ipo. Niliwahi kuelekezwa, si huko bali kwenye njia nyingine, kwamba nikate kulia kwenye nyumba yenye X nyekundu. Nyumba ya namna hiyo imo ndani ya hifadhi ya barabara, na X ile maana yake ni kwamba itavunjwa. Nilipofika ilikuwa imekwisha kuvunjwa na nikaipita bila kujua.

Mchora Ramani

Mchango wa Kosta Mstaafu umekamilika kwa upande wa barabara, nami nitaongezea upande wa simu, kwa sababu kilichompata Mtembezi kina sababu yake, na akiielewa hakitamrudia tena.

Alipoandika jina la ziwa, programu ililiweka alama katikati ya maji. Kisha ikatafuta kipande cha barabara kilicho karibu zaidi na alama ile kwa mstari ulionyooka, kama kunguru anavyoruka, ikampeleka huko. Programu haijui kwamba kati ya shamba na ziwa kuna ukingo wa kasoko unaopanda hadi takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, wala haijui kwamba njia ya miguu inaanzia mahali pengine kabisa. Jambo hili hutokea kwa kila mlima na kila ziwa la kasoko: barabara iliyo karibu zaidi na kilele kwa mstari ulionyooka mara nyingi siyo barabara inayokupeleka kwenye njia ya kukifikia kilele hicho, na pengine iko nyuma ya mlima. Kwa hiyo usiiambie simu kamwe ikupeleke kwenye ziwa au kwenye kilele. Iambie ikupeleke mahali njia ya miguu inapoanzia, na kama mahali hapo hapana jina kwenye ramani, weka alama kwa kidole chako mwenyewe.

Utapajuaje? Fungua picha ya setilaiti ukiwa nyumbani penye mtandao mzuri, ukuze hadi uuone mpaka wa msitu. Upande wa Poroto mpaka huo ni dhahiri sana, kwani mashamba yanakuja hadi kwenye miti na kusimama. Fuata kila njia ya gari kutoka kwenye lami hadi kwenye mpaka huo, uone inavyoishia. Ile inayoishia kwa kupasuka vipande vidogo vidogo kila kimoja kikiingia shamba lake ni ya wakulima. Ile inayoishia kwenye uwanja mdogo uliokanyagwa, ambamo gari linaweza kugeuza, ndiyo ya kuitilia maanani. Zipo pia njia zilizofunguliwa kwa shughuli nyingine, kama uvunaji wa mbao na mradi wa jotoardhi wa Ngozi, na hizi ndizo hatari zaidi kwa mgeni, maana ni pana na nzuri kuliko ile anayoitafuta, hivyo humvuta. Ubora wa barabara si ushahidi kwamba ndiyo yenyewe.

Baada ya hapo linganisha na ramani ya OpenStreetMap, ambayo unaweza kuipakua kwa OsmAnd au Organic Maps na kuitumia pasipo mtandao. Kwa vijiji vyetu ramani hii imejaa kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa wapo waliojitolea kuichora, mradi wa Crowd2Map ukiwa mmoja wao tangu mwaka 2015. Njia ya gari huchorwa kwa namna moja na njia ya miguu kwa namna nyingine, kwa kawaida mstari wa vidoti au wa vipande. Mahali mstari mmoja unapogeuka kuwa mwingine ndipo penye jibu lako. Zipo pia nyayo za GPS ambazo watu wameziacha wazi. Penye nyayo nyingi zinazosimama kidogo kisha kupanda, hapo ndipo watu wanapoegesha. Lakini kumbuka kwamba aliyechora alikuwa mtu kama wewe, huenda alichora kwa kutazama picha ya zamani akiwa mbali, na mvua za misimu kadhaa zimepita tangu hapo.

Jambo la mwisho ni tarakimu za mahali, maana najua mtu atakutumia. Ngozi iko karibu na nyuzi 9 kusini mwa Ikweta na nyuzi 33.5 mashariki. Katika mfumo wa desimali kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, na ukiisahau alama hiyo simu itakutafutia njia ya kwenda Sudan Kusini. Kosa hilo utaligundua mara moja. Lisilogundulika ni la kuchanganya dakika na desimali. Nyuzi 9, dakika 1 na sekunde 30 ni 9.025, lakini mtu mwenye haraka huandika 9.0130, na tofauti ya hapo ni zaidi ya kilomita moja ardhini. Kwenye barabara yenye mchepuko kila baada ya mita mia mbili, kilomita moja ni kupotea kabisa.

Boda wa Uyole

Wakuu, mnajichosha bure. Acheni gari kijijini, chukueni bodaboda wawili, mtafikishwa hadi chini ya mlima na mtasubiriwa hadi mteremke. Maelewano ya bei yafanyike kabla ya kupanda pikipiki, basi.

Mchora Ramani

Ushauri wa bodaboda ni mzuri kwa anayepakiwa, ila mwenye gari asimfuate bodaboda kwa nyuma. Pikipiki hupita kwenye magogo mawili yaliyolazwa juu ya mtaro, nawe utafika hapo ukiwa tayari umeacha nyuma nafasi ya mwisho ya kugeuzia.

Bibi wa Poroto

Wanangu, nimesoma yote mliyoandika, na kwa kuwa mimi naishi upande huo nitasema kidogo ambayo naona hayajasemwa.

Mnauliza kibao kiko wapi. Vibao vimewekwa zaidi ya mara moja katika miaka yangu. Cha chuma hakikai, kwa sababu anakuja mtu usiku na msumeno, na asubuhi kimekwisha kuwa chuma chakavu. Cha mbao huoza, maana mvua yetu ni ya miezi mingi, tangu Novemba hadi Mei. Tena kukiweka kwenye hifadhi ya barabara kuu kunahitaji kibali cha TANROADS, wakala wa barabara kuu, na barabara zetu za ndani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na msitu uko chini ya TFS, wakala wa misitu, na njia yenyewe ya kufikia msitu inapita kwenye ardhi ya kijiji. Kwa hiyo kibao kimoja cha mishale kina wenyewe wanne, na kitu chenye wenyewe wanne hakina anayekiamkia.

Nitasema na jingine, hata kama halitawapendeza. Wapo kwetu wasiosikitishwa sana na kukosekana kwa kibao. Mgeni asiyejua njia husimama, huuliza, hupata kijana wa kumwongoza, na kijana huyo hupata pesa ya daftari za wadogo zake. Mgeni mwenye simu hupita moja kwa moja hadi msituni, hulipa huko anakolipa au halipi, na kijijini anabakiza vumbi. Sisemi kwamba wako sahihi. Nasema kwamba mkija, anzeni kwenye ofisi ya kijiji, mjitambulishe, mwandike majina kwenye kitabu cha wageni, mwulize utaratibu wa ada na mpewe mtu. Njia ile ndani ya msitu inateleza hata wakati wa kiangazi, na kutoka ukingoni kushuka majini ni kuning'inia kwenye mizizi. Si mahali pa kwenda mtu peke yake kwa kuwa ameona vidoti kwenye simu.

Kuhusu gari dogo, jibu langu ni kwamba inategemea viazi. Msimu wa kuvuna, malori huingia kubeba magunia, na yakipita siku ya mvua huacha mitaro mirefu kama handaki, ambayo ikikauka huwa migumu kama saruji na gari fupi hukalia tumbo. Agosti kwa kawaida huwa pakavu, lakini teremkeni mtembee kwa miguu mbele ya gari kila mnapotilia shaka. Na tafadhali msiegeshe mahali malori yanapogeuzia. Mtu akiwa na magunia yake yanamsubiri mnunuzi, nanyi mko juu mlimani mnapiga picha, hamtampata wa kumwomba msamaha mtakaporudi.

Mtembezi wa Iyumbu

Shikamoo, mama. Nakiri kwamba mwaka jana hatukupita kwenye ofisi yoyote, na sikuwa nimefikiria kabisa kwamba kutafuta njia na kujitambulisha ni kazi moja. Safari hii tutaanzia hapo. Ndugu Kosta Mstaafu na Mchora Ramani nimewasoma kwa kalamu mkononi, na jioni hii nimetumia saa nzima kwenye picha ya setilaiti. Nimeiona ile njia iliyotudanganya, nayo kweli inapasuka vipande vipande mwishoni kama ulivyoeleza. Kama kuna anayeifahamu Rungwe, namwomba anisaidie.

Mwalimu wa Masoko

Marahaba kwa niaba ya Bibi wa Poroto, maana naona ametuachia. Kuhusu Rungwe, tatizo lake si wingi wa michepuko bali jina. Rungwe ni wilaya, ni mlima, ni shule ya sekondari, na ni misheni ya Kimoravian iliyoanzishwa mwaka 1891. Ukisimama Kiwira ukamwuliza mtu "Rungwe ni wapi?" atakutazama kwa mashaka, kwa sababu umesimama ndani ya Rungwe. Ukiuliza njia ya mlimani utaelekezwa kwenye mlima, ambao hata usipoelekezwa unauona, kwa kuwa una takriban mita 2,960 na uko upande wako wa kushoto unapoelekea Tukuyu. Uliza shule. Sema "Shule ya Sekondari Rungwe" au "Misheni", maana mahali pa kuanzia kupanda panapotumiwa na wengi ni upande huo, na barabara ya kwenda shuleni huhudumiwa kuliko njia za mashambani, kwa sababu wanafunzi na magari ya chakula hupita kila siku. Mchepuko wake uko kilomita 15 hivi kabla ya Tukuyu.

Hii ni kanuni niliyojifunza kwa kupotea kwenye milima mingi ya Nyanda za Juu Kusini: usiulize kitu unachokwenda kukiona wewe, uliza kitu ambacho wenyeji wanakwenda kukitumia. Shule, zahanati, mashine ya kusaga, ghala la chai, kanisa, mnada. Njia za kwenda huko zinajulikana na kila mtu hata mtoto, na hazibadilishwi jina. Kwa mfano, wanaotaka kwenda Kijungu, pale mto Kiwira unapoingia kwenye shimo la mwamba kama chungu, hupotea wakiuliza Kijungu, lakini wakiuliza Chuo cha Magereza wanafika, na isitoshe watakuwa wamefika mahali wanapotakiwa kuomba ruhusa.

Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2009 na iko chini ya TFS, kwa hiyo kibali kipatikane Tukuyu kabla ya siku ya kupanda. Kufuata kibali asubuhi ile ile kutakula saa mbili au tatu ambazo hamna, kwa kuwa kupanda na kushuka huchukua siku nzima. Mkienda na mwongozaji mtulivu huenda mkasikia kipunji, kima wetu aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005 ingawa wawindaji wa hapa walikuwa wakimfahamu. Msimtegemee, lakini nyamazeni kidogo.

Kosta Mstaafu

Naongezea moja kwa Rungwe. Huo mchepuko wa shule ukitokea Mbeya unakata kushoto, hivyo hauhitaji kukatiza mbele ya malori yanayokuja. Ule wa Ngozi unakata kulia. Ukiwa na dereva mgeni na ukungu upo, ni salama zaidi kupitiliza kwa makusudi, kugeuza mahali penye upana na kuona mbali, halafu kuuingia mchepuko ukiwa upande wako wa kushoto. Wengi huona aibu kupitiliza. Mimi nilifanya hivyo kila mara nikiwa na abiria.

Mtembezi wa Iyumbu

Ndugu zangu, narudi na marejesho, ingawa nimechelewa kwa wiki tatu.

Tulifika Uyole alasiri ya Ijumaa, nikarudisha kipima umbali kwenye sifuri na kuanza kupanda taratibu. Nilikuwa nimeweka alama yangu kwenye Organic Maps kutokana na picha ya setilaiti, na kwa kweli nilikosea kwa mchepuko mmoja. Niliingia, nikamkuta mama mmoja anaanika nguo, nikamuuliza barabara ile inaishia wapi. Akajibu bila kusita kwamba inaishia kwa shemeji yake. Tukacheka wote wawili, nikageuza, na mchepuko uliofuata ndio uliokuwa wenyewe. Nikaandika tarakimu. Mahali ambapo pengine palikuwa na kibao pamebaki nguzo mbili fupi, zimekatwa usawa wa goti, na nyasi zimezifunika kiasi kwamba aliyeketi ndani ya gari hawezi kuziona.

Kijijini tulipokewa vizuri, tukaandikwa, tukalipa na kupewa risiti, tukapangiwa kijana wa kutuongoza. Yeye ndiye aliyetushauri tuliache gari uani kwa mwenyekiti wa kitongoji badala ya kulisukuma hadi mwisho, na tulipoiona ile mitaro ya malori tukamshukuru mara mbili. Kesho yake ukungu ulikuwa mzito kuliko wa mwaka jana, lakini tarakimu ilitufikisha. Saa nne na nusu tulikuwa ukingoni. Ziwa lilijificha kwa muda, kisha upepo ukalifunua lote kwa mkupuo, rangi ya kijani iliyokolea, mbali sana chini yetu. Hatukushuka.

Rungwe hatukupanda. Barabara ya shule tuliipata kwa mara ya kwanza bila kumuuliza mtu zaidi ya mmoja, lakini nilipuuza neno la Mwalimu kuhusu kibali nikidhani nitakipata kesho yake mapema, na kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulipiga picha za mlima kutokea chini, tukala ndizi za kuchoma, tukarudi.

Mchora Ramani, ile njia ya uongo nimeifanyia marekebisho kwenye OpenStreetMap, nikaiandika kuwa ya mashambani tu, na mahali pa kuegesha nimepaweka. Kalavati lililotukwamisha mwaka jana lipo kwenye njia hiyo hiyo, na upande wake wa kushoto umebomoka zaidi; nimeliwekea alama ya tahadhari, lakini sijui jinsi ya kuandika kwamba mvua za Novemba zikianza huenda lisiwepo kabisa.

Mchora Ramani

Andika kama maelezo ya mapitio, pamoja na tarehe uliyoliona, na uache wazi ili mwingine athibitishe. Nitalipitia mwezi wa kumi na mbili nikienda Kyela.

Bibi wa Poroto

Yule kijana amenisimulia habari zenu, hasa ya shemeji. Ndaga fijo, asanteni sana. Mkija kwa ajili ya Rungwe, mje Alhamisi.